Masufuria ya Majengo

Muhula uliopita, katika chama chetu cha Kiswahili, tulijadiliana kuhusu methali, na miongoni mwa zile tulizopewa kuzieleza ilikuwa hii: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Wenzangu wengi waliikubali papo hapo. Walisema rafiki wa kula ni rafiki wa sahani. Sahani ikiisha, naye huisha. Ndugu wa tumbo moja ndiye atakayekuzika. Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kusema, lakini nilikuwa na neno. Sasa nimepewa kurasa hizi, na neno lenyewe ni hili: mimi natoka Majengo, na kule kwetu methali hii ina maswali ya kujibu.

Kwanza nieleze Majengo ni wapi, maana karibu kila mji wa Kenya una Majengo yake. Ninayoisema mimi ni ile ya Pumwani, Nairobi, kati ya soko la Gikomba na mtaa wa Eastleigh. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920 iwe mahali pa kukaa Waafrika waliofanya kazi mjini. Kabla ya hapo Waafrika walikuwa na vijiji vyao vilivyochipuka pembeni mwa mji tangu reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899. Kimojawapo kilikuwa Pangani, ambacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wengi wakahamia Shauri Moyo, majirani zetu hadi leo. Kariokor nayo haiko mbali. Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndimi za watu zikalilainisha jina likawa Kariokor, na likabaki.

Nimeyataja haya kwa sababu moja tu. Mtaa kama huu, tangu siku ya kwanza, ni wa watu walioacha ndugu zao mbali. Wapagazi, maaskari, wapishi wa Wazungu, wanawake waliokuja kutafuta maisha yao, wote walikuja mmoja mmoja. Kama mtu angengoja mzaliwa naye ndipo ale au azikwe, angengoja sana. Nyumba za zamani za Majengo zina ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, na ua kwa nyuma. Kila chumba kina familia yake. Katika nyumba yetu mna Mkamba, Mnubi, Mluhya, Mgikuyu aliyesilimu, na sisi ambao nyanya hutuita "Waswahili tu, basi." Ua ni mmoja, mfereji ni mmoja. Mtu akikaanga kitunguu, ukumbi mzima umejua.

Chakula chetu nacho ni kama sisi. Asubuhi na mapema utamkuta mama mmoja penye kona na karai lake la mahamri, yale ya tui la nazi na iliki, na pembeni sufuria ya mbaazi. Hicho ni chakula cha pwani kilichopanda garimoshi. Mchana vibandani ni chapati na maharagwe, ambayo sisi vijana tunaita chapo dondo (nilipoandika hivyo katika insha, mwalimu aliyazungushia duara jekundu). Chapati ilitoka Bara Hindi. Ugali ni wa mahindi, na mahindi yaliletwa Afrika na Wareno kutoka bara la Amerika. Mchele wa pilau tunautoa Mwea. Samaki wa Gikomba na omena hutoka Ziwa Viktoria. Jioni moshi hutanda barabarani: huyu anachoma mahindi, yule anakata mutura kwenye kibao, na mwingine anakaanga viazi karai, vile vilivyochovywa katika unga wa rangi ya manjano na kuliwa na ukwaju. Ukiangalia vizuri, ni vichache mno kati ya hivi vilivyozaliwa Nairobi. Vyote vilifika kama watu walivyofika, na vikazoeana humu humu.

Si ajabu basi kwamba chakula ndicho kitambulisho chetu. Mtakumbuka, au mmesimuliwa, ile siku ya uchaguzi, tarehe 8 Agosti 2017. Mwananchi mmoja wa Nairobi alipigwa picha akiwa kwenye foleni ya kupiga kura huku anakula githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Nchi nzima ilikuwa na wasiwasi siku hiyo, lakini picha ile ikawachekesha wa chama hiki na wa chama kile. Mahindi na maharagwe tu! Na wiki tatu hazikuisha: tarehe 28 mwezi huo huo marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza, na wauza githeri wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kumfungia mteja. Kwetu nyanya alicheka akasema, "Sasa mtarudi kwa bakuli, kama tulivyoanza."

Sasa nije kwenye masufuria.

Akina mama wa nyumba zetu wana chama cha kuzungusha pesa. Zamani, kabla sijazaliwa, waliamua kwamba fungu moja la pesa hizo lisigawanywe, bali linunue vyombo vya mtaa. Wakaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, pale ambapo nyundo hazinyamazi kutoka asubuhi hadi jioni, wakaagiza masufuria sita makubwa. Ukisikia makubwa, usifikirie yale ya nyumbani. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuoga ndani. Pamoja nayo kuna masinia, miko mirefu kama makasia, karai mbili na mafiga ya chuma. Vyote hukaa katika chumba kidogo uani kwetu, kwa sababu nyanya ndiye mweka hazina. Macho yake yalipoanza kufifia, daftari la vyombo likawa kazi yangu. Naandika nani amechukua, lini, kwa shughuli gani, na kama amerudisha vikiwa safi.

Masharti ni matatu. La kwanza, mwenye shughuli halipi kitu, awe nani. La pili, vyombo havipikiwi nyama ya nguruwe wala pombe, ili Mwislamu na Mkristo wavitumie bila kuulizana. Na kwa sababu hiyo hiyo, mbuzi wa shughuli huchinjwa na Mwislamu, hata ikiwa ni harusi ya kanisani, na hakuna Mkristo aliyewahi kulalamika kwa kuwa nyama ni ile ile. La tatu, sufuria hairudi na ukoko.

Ningependa wale ambao hawajaona pilau ya shughuli ikipikwa waelewe kazi yake. Gunia la mchele la kilo 25 linaweza kulisha watu kama 200. Vitunguu humenywa tangu usiku wa kuamkia siku yenyewe, na hapo ndipo habari zote za mtaa husikika. Alfajiri vitunguu hukaangwa hadi viive rangi ya kahawia, maana rangi ya pilau ni ya kitunguu wala si ya dawa ya dukani. Hutiwa thomu na tangawizi, kisha nyama, kisha bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nyama ikiiva hutiwa maji ya kipimo, na mchele uliokwisha kuchaguliwa na kuoshwa. Maji yakikaribia kukauka, moto wa chini hupunguzwa na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko, pilau ipate joto la juu na la chini. Asiyejua kupalia hupika wali wa rangi, hapiki pilau. Kwenye matanga ya Wakristo huwa ni githeri, au wali na maharagwe, na chai kwa mkate. Mahindi makavu na maharagwe hulowekwa usiku kucha, na wengine hutia magadi kidogo yalainike upesi.

Daftari hilo limenifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani. Nikilifungua naona Maulidi, harusi, hitima, ubatizo, arubaini, futari ya pamoja, mchango wa karo, Krismasi ya watoto wa ukumbini. Naona miezi ya furaha na miezi ya misiba. Kuna kurasa za mwaka wa 2020 ambazo zina mistari miwili mitatu tu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha kukawa na kafyu ya usiku. Harusi zikasimama, na matanga yakawa ya watu wachache wa familia. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado haujaisha tarehe 6 Mei ilipotangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Eastleigh, hapo hapo mlangoni petu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka masufuria sita yamefunikwa gunia uani, na nyanya akiyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wagonjwa. Hata hivyo sahani za futari hazikukoma kupita ukumbini. Zilipita zimefunikwa kitambaa, zikaachwa mlangoni, mwenye kuleta akabisha na kurudi nyuma hatua kadhaa. Na sahani, kama ilivyo desturi, haikurudi tupu. Hata kama ni ndizi moja, itawekwa.

Kurasa za Aprili na Mei 2024 nazo zimejaa. Ndio wakati wa mafuriko yale makubwa yaliyoingia hadi ndani ya nyumba za watu huko Mathare. Masufuria manne yalikaa huko siku kumi na moja. Hakuna aliyeuliza waliokula ni kabila gani wala wamezaliwa na nani.

Hadi hapo mtaona kama kwamba nasifu tu mtaa wangu. La hasha. Mwaka jana masufuria hayo hayo karibu yavunje chama.

Mambo yalianza hivi. Sufuria mbili zilikuwa zimetoboka kitako, na moja imepoteza mshikio. Mafuta ya kupikia yamepanda bei, makaa yamepanda, na michango ya kila wiki ilikuwa ikichelewa. Ndipo mama mmoja kijana, mwenye biashara yake ya kuuza vyakula maofisini, akaleta pendekezo mkutanoni. Mimi nilikuwa pale na daftari langu, nikaandika yote.

"Akina mama," akasema, "hizi sufuria zimekaa tu. Kuna watu wanapika sherehe za matajiri kila Jumamosi, wanakodi vyombo. Si tuwakodishie? Sufuria moja shilingi mia tano kwa siku. Tutengeneze zilizotoboka, na nyingine ziende kwa karo za watoto wetu."

Nyanya akauliza, "Na yule mwenye kufiwa, naye atalipa mia tano?"

"Hapana, Nyanya. Wa mtaa hawalipi. Ni wa nje tu."

"Na wa nje wakipika nguruwe humo?"

Pakawa kimya. Yule mama akajibu kwa adabu, "Tutawaambia wasipike."

"Utakuwa umesimama hapo jikoni kwao uone?"

Wasomaji wenzangu, msidhani kwamba nyanya alikuwa na haki yote na yule mama hana. Nimelifikiri sana jambo hili. Yule mama alisema ukweli ambao wazee hawakupenda kuusikia: kitu cha bure nacho hugharimu, na mwenye kugharimika ni yule asiyesema. Aliyekuwa akiziba matundu kwa pesa zake ni yeye. Aliyekuwa akinunua sabuni ya kusugulia ni yeye. Wengine tulikula tukaondoka. Akasema jambo jingine ambalo niliandika neno kwa neno: "Umoja wenu mnaupenda sana, lakini kitako cha sufuria hakizibwi na umoja." Baadhi walicheka. Nyanya hakucheka. Kura ikapigwa kwa kuinua mikono, na pendekezo likapita. Wiki mbili baadaye masufuria matano yakaenda kwenye sherehe moja upande wa pili wa jiji, ya siku tatu, kwa malipo ya mbele.

Siku ya pili ya sherehe hiyo, jirani yetu mvuta mkokoteni akafariki.

Niwaeleze alikuwa nani. Alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa upande wa Busia, aliyekaa peke yake chumba cha mwisho cha nyumba ya pili kutoka kwetu. Kazi yake ilikuwa kubeba marobota ya mitumba Gikomba. Hakuwa na mke hapa wala mtoto. Alikula kibandani kila siku, chapati mbili na maharagwe, na deni lake huandikwa ukutani kwa mkaa na kufutwa Jumamosi. Jambo jingine: tangu nianze kuandika daftari lile, masufuria hayakuwahi kwenda mahali popote mtaani ila kwa mkokoteni wake, na hakuwahi kutoza hata shilingi. Ukimpa pesa husema, "Niwekee ukoko." Alipenda ukoko wa pilau kuliko pilau yenyewe.

Aliugua siku chache, akapelekwa hospitali, akafa. Simu ikapigwa kwao. Ndugu yake akasema anakuja, lakini nauli anaitafuta. Kwa hiyo mazishi yalikuwa ya nyumbani, mbali, na gari la kusafirisha maiti ni pesa nyingi. Maana yake ni mikutano ya jioni, mchango, na watu wa kulishwa. Na masufuria hayapo.

Mama aliyetoa pendekezo ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote usiku ule. Alipiga simu akiomba angalau mawili yarudishwe. Akaambiwa malipo yalikuwa ya siku tatu, na chakula kimo ndani. Ilikuwa haki yao pia, kwani waliokodi ni waliokodi.

Sasa sikilizeni lililotokea, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nyanya alitoka ukumbini na fimbo yake, akabisha mlango wa kwanza. "Una sufuria?" Ndiyo. "Una kiberiti?" Ndiyo. "Haya, pika unachopika kwako, lakini pika mara mbili." Akaenda wa pili, wa tatu, hadi mwisho, kisha nyumba ya jirani. Kufikia magharibi vyakula vikaanza kutokea milangoni. Githeri ya Mgikuyu, yenye viazi. Muthokoi wa Mkamba. Mboga za kienyeji na ugali kutoka chumba cha Mluhya. Wali wa nazi. Chapati za kibandani, na mwenye kibanda akasema zile ni za lile deni la ukutani, kwamba limefutwa. Kila sahani na ladha yake, nyingine chumvi imezidi, nyingine imepungua. Watu wakala wakashiba. Mchango ukachangwa. Usiku wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu, hadi masufuria yaliporudi na kazi ikawa nyepesi.

Ndugu ya marehemu alifika usiku wa nne, kwa basi, amechoka, na mfuko mmoja mkononi. Alikuta ua umejaa, taa imetundikwa, watu wameketi kwenye mabenchi ya kuazima, na mtu anasoma orodha ya mchango. Akasimama mlangoni. Akamwuliza baba aliyekuwa karibu, kwa sauti ya chini, "Hawa wote ni nani wake?"

Baba yule akajibu, "Tulikuwa tunakula naye."

Hapo ndipo nilipoikumbuka methali yetu ya chamani. Nikaona kuwa wenzangu walioitetea walisema kweli nusu. Mzaliwa naye alikuja. Alisafiri usiku, bila pesa, na yeye ndiye aliyemsindikiza hadi kaburini penye mababu zao, jambo ambalo sisi wa Majengo hatungeweza kulifanya. Hakuna aliyekula na marehemu ambaye alijua hata jina la kijiji chao barabara. Lakini mzaliwa naye asingemfikisha nyumbani bila waliokula naye, na siku nne za kwanza, mbichi kabisa, zilikuwa zetu. Nadhani methali hii ilitungwa na mtu aliyeishi karibu na nduguze. Aliyeishi ukumbi mmoja na Mkamba na Mnubi angeitunga kwa njia nyingine.

Wengine watasema: basi masufuria hayana maana, kwani watu walikula bila hayo. Mimi sikubali. Kwa siku tatu kila nyumba ilipika mara mbili, na kuna nyumba ambazo hata kupika mara moja ni shida. Najua mlango mmoja uliotoa sahani kisha wenyewe wakalala na chai. Moyo ulikuwapo, lakini moyo ulimlemea asiye nacho. Hiyo ndiyo kazi ya sufuria kubwa: anayeweka kilo tano na anayeweka kikombe kimoja, vyote huivia pamoja na hakuna ajuaye kikombe kilikuwa cha nani. Sahani ya mlangoni ina mwenyewe. Sufuria ya mtaa humsitiri maskini.

Baada ya mazishi mkutano uliitwa tena. Nilidhani patakuwa na matusi, hayakuwapo. Nyanya alisema mapema kwamba hakuna kumlaumu mtu, kwa kuwa tulipiga kura wote. Yule mama naye akaleta hesabu: pesa za kukodi zilikuwa zimetosha kuziba matundu yote mawili na kuweka mshikio mpya kule Kamukunji. Watu wakazitazama sufuria zilizotengenezwa, zinang'aa vitako. Ikawa vigumu kusema kukodisha ni kubaya tu. Uamuzi ukawa hivi: masufuria mawili yatakodishwa, tena kwa watu wanaojulikana na waliokula kiapo cha sharti la pili, manne hayatoki mtaani kwa pesa ya mtu yeyote. Sufuria zile mbili zikatiwa alama ya rangi nyekundu. Na kila mwenye shughuli, ingawa halipi, atatoa watu wawili wa kusugua na kipande cha sabuni. Mkokoteni wa marehemu, kwa idhini ya ndugu yake, ulibaki. Vijana wanne tumegawana zamu ya kuusukuma.

Wasomaji wapenzi, naona kurasa zinakwisha. Wengi wetu hapa shuleni ni wa kutwa. Jioni tunarudi Majengo, Shauri Moyo, Eastleigh, Mathare, Kaloleni na kwingineko. Kote huko kuna shughuli, na sisi vijana tunajulikana kwa jambo moja: kufika wakati wa kupakua. Tunapenda pilau, hatupendi kitunguu. Tunasema mambo hayo ni ya akina mama na wazee. Lakini nimeshika daftari, na naona majina ya waliokuwa wakipalia makaa yakipungua ukurasa baada ya ukurasa, wengine wamehama, wengine wamefariki, na majina mapya hayajaingia kwa kasi hiyo. Masufuria yanaweza kuzibwa Kamukunji. Mpishi hazibwi.

Kwa hiyo, shughuli itakayofuata mtaani kwenu, fika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Chukua kisu, menya vitunguu, ulie kidogo pamoja na wengine. Uliza bizari inatiwa lini na maji yanapimwaje. Ukishakula usiondoke, kuna sufuria inayongoja kusuguliwa. Na ukiukuta ukoko, usiutupe. Kuna mtu anaupenda.